Kinyonga Aliyelegea Mifupa

Baba yangu alikuwa bwana mifugo wa Nkoma kabla serikali haijaanza kupunguza wafanyakazi. Waliozaliwa baada ya miaka ile hawajui uzito wa neno hilo, kupunguzwa. Barua ilikuja, ikasomwa, na kabla wiki haijaisha tukawa tumehama nyumba ya idara. Josho la kuogeshea ng'ombe alilolisimamia likabaki na tope na vyura. Dawa za ng'ombe zikaanza kuuzwa kwenye maduka ya watu binafsi mjini, na kila mwenye ng'ombe akawa daktari wa ng'ombe wake.

Tukahamia Bariadi mjini, vyumba viwili vya kupanga. Tulikuwa wanne: baba, mama, bibi mzaa baba, na mimi. Nilikuwa na miaka kumi na sita, nimemaliza darasa la saba, sikuchaguliwa kwenda sekondari. Mama akaanza kuuza dagaa sokoni. Baba akakaa.

Nikisema akakaa, ndivyo ilivyokuwa. Alikaa kwenye kigoda mlango wa nyuma tangu asubuhi, mikono juu ya magoti, akiangalia ukuta wa choo. Ukimsalimia anaitikia. Ukimpa ugali anamega matonge mawili, ananawa. Mfuko wake wa ngozi, wenye sindano na kipimajoto, aliutundika msumarini na hakuugusa tena. Siku moja tukichambua dagaa, mama akaniambia bila kuinua uso, "Ile kamba ya ng'ombe iliyoko nyuma ya mlango, ifiche. Usiniulize." Nikaificha chini ya gunia la mkaa. Tangu siku hiyo, hata nikienda kuchota maji, nilirudi mbio huku ndoo ikinimwagikia mgongoni.

Pamba ilipokwisha kuvunwa, kaka yake baba alituita shambani kwake nje ya mji tumsaidie kung'oa mabua na kuyachoma. Mama alimbembeleza baba twende wote. Alikuja, akang'oa, akarundika, hakusema. Moto ulipowashwa upepo ukageuka, ukala upande ambao hatukuutegemea, na kutoka kwenye majani makavu ya mpakani akatokea kinyonga mdogo. Ukiacha mkia, hakuzidi kidole changu cha kati. Alikuwa mweusi kwa hofu, lakini alitembea vilevile kama wenzake wote: mguu mbele, anayumba, anasita, anaweka. Moto ulikuwa hatua tatu nyuma yake.

"Ua hicho!" baba mkubwa alipiga kelele, akanyanyua jembe. Wanawake tuliokuwa nao walikwisha kukimbia.

Baba akavua kofia, akainama mbele ya jembe la kaka yake, akamchota yule mnyama.

"Huyu bado mtoto," alisema.

Maneno matatu tu. Lakini kwa miezi sikuwa nimemsikia akisema jambo ambalo hakuulizwa.

Nyumbani, bibi alipoona kilichomo kofiani alirudi nyuma mpaka mgongo ukagonga ukuta. "Mwanangu, hicho kinaita kifo. Marehemu baba yako asingekubali kiingie ndani."

"Mama, ni jamii ya mjusi tu."

"Mjusi gani jicho moja linaniangalia mimi na la pili linakuangalia wewe?"

Alibeba mkeka wake akahamia kwenye banda la jikoni, akalala huko kwenye moshi. Nilimfuata mama, nikamwambia tumwombe baba akitupe. Mama alikuwa anaogopa kuliko mimi, nilimwona anavyojishika kanga kifuani. Akasema, "Tangu lini baba yako amebishana na mtu? Kiache."

Basi tukakiacha. Baba alichukua kabati la zamani la vyombo, lile lenye wavu, akatia tawi ndani, akaliweka pembe ya chumba chao nyuma ya pazia ili majirani wasione. Kazi yangu ikawa kutafuta chakula. Niliwakamata nzi kwenye mabucha nikawatia kwenye chupa. Mvua za kwanza ziliponyesha kumbikumbi wakatoka, nikawakusanya kwa sufuria. Baba alinifundisha kwamba kinyonga hanywi maji ya bakuli, anataka matone kwenye majani, kwa hiyo kila asubuhi nilichovya mkono majini na kuunyunyizia lile tawi. Alilamba matone huku jicho moja likiwa kwangu. Baba alirudi kuandika kwenye daftari: leo amekula nzi wanane, leo amejichubua ngozi. Akaanza kumaliza ugali wake. Mama akaanza kuimba akiosha vyombo. Nami niliamini, kwa akili ya umri ule, kwamba maisha ya baba yangu yamo ndani ya kabati lile.

Ndiyo maana asubuhi moja nilipofungua pazia nikamkuta kinyonga chini, kalala ubavu, moyo ulinipasuka.

Nilimwinua nikamrudisha kwenye tawi. Hakuweza kushika. Miguu ya mbele ilikuwa imepinda kama mpini wa mwavuli, na vile vidole vyake, ambavyo zamani vilining'ang'ania mpaka nacheka, vilikuwa vinatetemeka tu hewani. Nikamwita baba. Alikuja, akatazama, kisha akaenda msumarini akauteremsha ule mfuko wa ngozi. Alinawa mikono. Alimpima kinyonga kwa ncha ya kidole kuanzia shingoni hadi mkiani, akamgusa taya. Taya likabonyea kama nyanya iliyoiva sana.

"Mifupa imelegea," alisema. "Hana kalsiamu. Nzi hawana, na kumbikumbi ni mafuta matupu. Na jua hajaliona tangu nimlete hapa. Hata ningempa kalsiamu, bila jua mwili hauichukui." Akakaa sakafuni. "Ndama akifungiwa gizani anapinda miguu. Nimewaeleza watu hivyo miaka yote. Halafu mimi mwenyewe nikamfungia huyu gizani, kwa mikono yangu."

"Atapona, baba?"

"Sijui."

Siku hiyo alivaa shati lake la kazi la kaki, nikalipiga pasi, tukaenda kwenye duka jipya la dawa za mifugo. Lilikuwa na kaunta ya kioo na kalenda ya ng'ombe weupe wa Ulaya. Mwuzaji alikuwa kijana mgeni, hakumjua baba. Nyuma yetu walisimama wanaume wawili watatu wenye ng'ombe.

"Naomba unga wa madini, ule wenye kalsiamu," baba alisema. "Kidogo tu. Kijiko kimoja."

"Mzee, huo tunauza kwa mfuko mzima. Una ng'ombe wangapi?"

"Sina ng'ombe."

"Mbuzi?"

Nilimwona baba anatafuta neno, jasho linamtoka kwenye paji la uso, na nikashindwa kuvumilia. "Ni wa kinyonga," nikasema. "Mifupa yake imelegea."

Duka zima likacheka. Kijana aliegemea kaunta akacheka mpaka akajifuta machozi. Mmoja wa wale wanaume hakucheka. Alisogea kando yangu, akauliza taratibu, "Mnamfuga? Ndani ya nyumba mnamolala?" Baba alinishika mkono tukatoka.

Alipofika nyumbani alivua shati la kaki, akalala, akaelekea ukutani. Mama aliporudi sokoni akamkuta hivyo akaniangalia, nami nikaenda kuhakikisha kama kamba bado iko chini ya gunia la mkaa. Ilikuwepo. Nilikaa pale juu ya gunia nikalia, kwa sababu mimi ndiye niliyefungua mdomo.

Kesho yake nikakumbuka kitu alichokuwa akiwaambia wafuga kuku wa Nkoma: kuku akitaga mayai yenye ganda laini, mrudishie maganda. Bibi alikuwa na kuku watatu. Nikaenda kwake jikoni nikamwomba maganda ya mayai. Hakuniuliza ya nini. Alijua. Aligeuka akachochea moto, akanijibu, "Sina." Lakini asubuhi iliyofuata nilikuta kikombe cha bati kwenye kizingiti cha chumba cha baba, kimejaa maganda yaliyooshwa. Na kila siku baada ya hapo.

Niliyakaanga kwenye kikaango mpaka yakakauka kabisa, nikayasaga kwenye jiwe, nikayachekecha kwa kitambaa cha kichwa. Ukabaki unga mweupe laini kama poda ya mtoto. Nikakamata panzi, kwa kuwa baba alisema nzi hawatoshi, nikawatia kwenye kikombe pamoja na unga, nikatikisa, wakatoka weupe kama wamepita kwenye mashine ya kusaga. Nikampelekea kinyonga panzi mmoja. Alimwona. Macho yote mawili yakakutana mbele, akafungua mdomo, na ulimi ukatoka. Ulitoka kidogo tu, ukaning'inia kama uzi uliolowa. Panzi akaruka akaenda zake.

Nilimshika kichwa nijaribu kumfungua mdomo kwa nguvu. Kutoka kitandani, bila kugeuka, baba akasema, "Usimlazimishe. Utavunja taya."

"Nifanye nini basi? Baba, anakufa!"

Nikasikia kitanda kinalia. Aliamka, akaja, akachuchumaa kando yangu. Alikuwa ananuka jasho la siku mbili. "Ponda tumbo la panzi tu, miguu tupa. Changanya na unga wako na tone la maji. Lete unyoya wa kuku." Nikaleta. "Sasa mkasirishe kidogo. Akikutishia kwa kuachama, mpake kwenye ulimi. Kidogo. Ngoja ameze."

Nilimgusa mgongoni. Kinyonga akajaza shingo, akaachama, mdomo wake ndani ni wa rangi ya chungwa. Nikapaka. Kwa haraka yangu nikampaka na puani. Akafumba. Tukangoja, baba na mimi, vichwa vyetu vimekaribiana mpaka nasikia pumzi yake. Koo likacheza. Amemeza.

"Tena saa nne," baba alisema. "Na jua lazima alione."

Jua ndilo lililotuponza. Chumbani jua halikuingia ila la dirishani kupitia pazia. Ikabidi kila asubuhi tumtoe uani, tumweke kwenye tawi tulilolichomeka ardhini, nusu juani, nusu kivulini, nami nikisimama na kanga wazi upande wa njia. Lakini uzio wetu ulikuwa wa mabua, na maneno ya dukani yalikwisha kutangulia.

Jirani yetu wa upande wa njia alikuwa na desturi ya kumsalimia bibi kila akitoka kisimani. "Mwangaluka, mayu," anamwamkia kwa Kisukuma, naye bibi anaitika, wanaulizana za nyumbani mpaka ndoo inamchosha. Wiki ile mtoto wake wa mwisho alishikwa na homa. Asubuhi moja nikiwa pale na kanga yangu, nilimwona anakuja. Bibi aliinuka kwenye kigoda chake ili amwitike. Yule mama aliangalia juu ya uzio, akamwona kinyonga, kisha akamtazama bibi usoni, kwenye macho, akapita bila kusema kitu. Bibi akabaki amesimama.

Lazima niseme kuhusu macho ya bibi. Yalikuwa mekundu. Alipikia kinyesi cha ng'ombe na mabua ya pamba maisha yake yote, na tangu kinyonga aje alikuwa analala kwenye moshi. Miaka ile, kwetu Usukumani, kikongwe mwenye macho mekundu alikuwa anaweza kuitwa mchawi na kukatwa mapanga kwa sababu hiyo tu. Tulizijua habari hizo kama tunavyojua habari za mvua. Lakini sisi wa nyumba ya bwana mifugo tuliziona ni za watu wengine.

Mwenyekiti wa mtaa alikuja mchana, mwenyewe, amevua kofia. Hakukubali kukaa.

"Bwana mifugo, mimi sikatai elimu yako. Lakini mtaa una maneno. Kinyonga ndani, mtoto wa watu anaumwa, na mama yako ana macho vile. Unajua watu wanafanya nini. Mimi sina askari wa kuweka mlangoni kwako."

Alipoondoka, mama akafunga mlango. "Kiachie porini leo hii."

"Hawezi kushika tawi," baba alisema. "Nikimwacha leo, nimemuua."

"Na mama yako je?"

Nilimtazama baba nikaogopa, kwa sababu uso wake ulikuwa umerudi kuwa ule wa kigodani. Nilitaka kumwambia mama anyamaze. Nilitaka pia kumwambia baba aseme, aseme haraka, kwamba mama yake ni bora kuliko mjusi. Badala yake akauchukua mfuko wa ngozi, akatoka kwenda jikoni. Tukamfuata. Alipiga magoti mbele ya bibi, akamwinua kidevu kwenye mwanga, akamvuta kope la chini kwa kidole gumba.

"Mimi si ng'ombe," bibi alisema.

"Najua, mama."

"Miaka yote nakula moshi. Leo ndiyo umeona?"

Baba alimwosha macho kwa maji ya chumvi yaliyochemshwa na kupoa, polepole, jicho moja kisha la pili. Mikono yake ilikuwa imara. Ila alikuwa analia, machozi yanadondokea kwenye sufuria ya maji, na bibi anamwangalia tu.

Kesho yake jua likizama, jiwe lilitua juu ya bati letu. Moja. Likabingirika mpaka chini. Hakuna aliyetoka kulitazama.

Mama ndiye aliyepanga. Alisema kinyonga kiondoke, kiondoke mchana kweupe, mji wote ukione. Asubuhi baba na mimi tulipita katikati ya soko na kapu lisilo na kifuniko, kinyonga ndani kwenye majani, watu wakitupisha njia kama tumebeba moto. Tukapanda lori la dagaa lililokuwa linarudi ziwani tupu. Tulikuwa tunakwenda Nassa, kwa shangazi, dada yake baba, aliyeolewa na mvuvi. Mama na bibi walibaki, ili watu waone kwamba bibi hana haja na kinyonga, kwamba kimekwenda na yeye amebaki. Tulidhani huo ni ujanja mzuri.

Njia nzima kapu lilikuwa mapajani mwangu. Lori likirukia shimo namnyanyua mikononi, nahofia mifupa yake isikatike. Lamadi tulishuka, tukatembea.

Shangazi hakumpenda kinyonga, lakini alimpenda kaka yake. Alitupa kibanda cha nyavu. Pale ufukoni kulikuwa na makombe ya konokono yamejaa mpaka watoto wanayakanyaga, na baba akaniambia hiyo ni kalsiamu tupu, wafuga kuku wa Mwanza wanaitafuta. Tukayachoma, tukayasaga laini kuliko maganda ya mayai. Wale wadudu wadogo wa ziwani wanaoinuka juu ya maji kama moshi tuliwakamata kwa chandarua, tukachanganya na panzi na viwavi, kila siku aina yake. Jua lilikuwepo tangu asubuhi, hakuna wa kututazama juu ya uzio. Baba alihesabu muda wa jua kwa kivuli cha mtumbwi. Siku ya tano kinyonga aliacha kutetemeka. Siku ya nane alishika kidole changu, kwa udhaifu, lakini alishika.

Siku ya tisa mama alifika na bibi. Walikuja na mkeka na sufuria moja. Kuku waliachwa.

"Mawe yameongezeka," mama alisema. "Walisema hakikuondoka bure. Walisema bibi amekituma."

Bibi aliketi kwenye mchanga, akaliangalia ziwa. Hakuwahi kuliona kabla ya siku ile. Baba alisimama mbele yake na daftari mkononi, na sikuwahi kumwona mtu mzima aliyekosa pa kuweka uso wake namna ile.

Hatukurudi Bariadi. Baba alianza kuitwa na watu wa Nassa kwenye ng'ombe na mbuzi wao, wakimlipa kwa samaki, na kidogo kidogo akawa mtu tena. Macho ya bibi yalipungua wekundu baada ya kutoka kwenye moshi na kutumia dawa aliyopewa zahanati. Kinyonga alipata nguvu. Miguu ya mbele haikunyooka tena, baba alisema mfupa ukishakauka umepinda ndiyo basi, lakini taya lilikuwa gumu na ulimi ulifyatuka. Nilikuwepo alipomdaka panzi kwa mara ya kwanza kutoka mbali, na baba akapiga kelele kama mtu wa mpirani. Wiki kadhaa baadaye tulimwacha kwenye uzio wa minyaa nyuma ya nyumba. Alipanda akichechemea. Jioni bado tulimwona. Asubuhi hatukumwona, na hatukumwona tena.

Bibi aliishi miaka mitatu pale ziwani. Kaburi la babu liko Nkoma, na yeye alitaka kulala kando yake, lakini alipofariki hapakuwa na njia ya kumfikisha, tukamzika Nassa. Hakuwahi kutulaumu mbele ya watu. Mara moja tu, nikimsuka, aliniambia, "Kile kidudu mlikipatia mifupa. Mimi mlinipatia nini?"

Nilimaliza mstari niliokuwa nausuka, nikamuuliza kama leo atakula ugali kwa samaki au kwa maziwa.

Akasema kwa maziwa.